Nguzo Kumi na Tisa

Baba alituachia ekari saba hapa Nyanguge
na daftari la majina ya ng'ombe.
Ng'ombe wenyewe walikwisha kuondoka:
wengine kwa ndigana, wengine kwa mahari ya kaka,
wa mwisho, Pembemoja, kwa deni la hospitali.
Ikabaki ardhi.
Ukiipiga jembe, jembe ndilo linalolia.
Kwato za miaka arobaini zimeishindilia
kama sakafu ya ghala la pamba;
mvua ikija haikai kitako,
inapita mbio kuelekea ziwani
na udongo wetu mkononi.

Kaka Lushinge alitaka viwanja.
"Ishirini kwa ishirini. Barabara ipo, umeme unakuja."
Nikamwomba misimu mitatu.
"Utafuga nini humo, Nkwimba? Panzi?"

Bibi alikuwa na ngitili yake.
Haikuwa na ukuta, ilikuwa na neno,
na neno lilitosha kumzuia ndama.
Siku hizi neno halizuii hata mbuzi.
Nilinunua seng'enge.

Msimu wa kwanza nilipanda miche mia mbili na kumi:
migunga, mikwaju, mifuru, mizambarau.
Maji nilibeba kwa madumu kutoka lambo,
shingo ikawa fupi.
Mchwa wakala wakasaza.
Vuli haikuja.
Walichosaza mchwa wakakimaliza mbuzi wa Ng'washi,
wanaoruka seng'enge kama waliopitia jeshi.
Ikabaki kumi na moja.
Nilihesabu tena, labda nimekosea.
Kumi na moja.

Kisha asubuhi moja ya Machi,
nimekaa tu, sina hata hasira,
nikaona chini ya nguzo ya kona
(mkaratusi mkavu, ulikufa kabla sijazaliwa)
majani mawili, matatu, mapana.
Mkuyu.
Na ubavuni mwake mfuru,
na kitu cha miiba nisichokijua jina.
Juu ya nguzo, shorewanda
akainua mkia, akamaliza haja yake bila haya,
akaenda zake.

Nilikichutamia kile kinyesi
kama mtu asomaye barua:
mbegu, na mbolea yake, na baraka zake,
vyote katika bahasha moja.

Kumbe mimi nilikuwa nabeba maji
na wenye kazi walikosa pa kutua.

Nikapanda nguzo. Kumi na tisa, kavu, zimechongwa ncha.
Watu wakaja kumtazama mwanamke anayepanda miti iliyokufa.
Minza wa dukani aliuliza kama nitaimwagilia.
Nikamwambia hiyo inamwagiliwa kutoka juu.

Sikudanganyi: upande wa mawe bado ni upara.
Mvuti umeingia, naung'oa kila Jumamosi,
Jumamosi inayofuata unanisalimia.
Nungunungu alikula viazi vya Minza; nimelipa.
Lakini bondeni nyasi zimefika kiunoni,
na kwale anapita na vifaranga sita
kama mwalimu anayechelewesha mstari makusudi.
Kanga wameniachia manyoya ya vitone.
Mvua sasa inakaa kidogo, inaongea na mizizi
kabla ya kuaga.

Sayi, mtoto wa kaka, amelichukua lile daftari.
Majina mazuri, anasema, yanalala bure.
Ninga wa kijani amempa Mabala.
Korongo anayechechemea ni Nyang'olo.

Siku Lushinge alipokuja na utepe wa kupimia
kitu kizito kilitua nguzo ya saba, kikaguna:
hondohondo, na pembe yake juu ya mdomo.
"Pembemoja!" mtoto akaita.
"Pembemoja tulimuuza," kaka akasema, polepole,
kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho msibani.
Utepe ulikuwa wazi mita mbili.
Ukajikunja wenyewe, ukamkata kidole.

Kuhusu viwanja hakusema anaviacha.
Alinyonya kidole, akatazama juu,
akauliza nguzo moja
huwa nanunua shilingi ngapi.